Shangazi, wanaomba damu ya mwanangu kwa utafiti. Nisaini?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi kijijini kando ya Ziwa Victoria. Mume wangu anavua dagaa visiwani, anarudi nyumbani mbalamwezi inapowaka, maana siku hizo dagaa hawafuati taa.*

*Mwanangu wa pili ana miaka 7. Alianza kwa kulalamika jino. Gego la chini lilikuwa linacheza, nikampeleka kwenye zahanati, wakaling'oa. Hazikupita siku nyingi taya likavimba, na jino la pembeni nalo likaanza kucheza, wakati halijaoza hata kidogo. Bibi yake akaleta majani ya kukanda. Tulikanda, lakini uvimbe ukazidi kupanda, shavu likawa gumu likasukuma jicho, na tumbo nalo likajaa. Hospitali ya wilaya wakatuandikia rufaa.*

*Huko tulikopelekwa wakamkata kinyama cha kupima, wakampiga na ultrasaundi ya tumbo. Daktari akaniita, akasema mtoto ana saratani ya matezi, aina inayoitwa Burkitt. Akasema inatibika na dripu zianze mara moja. Nikiwa bado sijaelewa vizuri, akaja dada mwingine na makaratasi. Akasema yeye anatoka kwenye utafiti, wanaomba damu ya ziada ya mtoto waone kama ugonjwa huu unaweza kutambulika kwa damu peke yake bila kukata nyama, na kwamba sehemu ya damu itapelekwa Ulaya.*

*Shangazi, nilimpigia shemeji yangu, baba mkubwa wa mtoto, akaja juu. Akasema wanataka kumfanyia mtoto wetu majaribio, nisisaini karatasi yoyote mpaka ukoo ukae. Mama mkwe akasema damu za watoto zinauzwa. Nikaogopa, nikaomba ruhusa tutoke. Sasa tuko kwa dada yangu hapa mjini tukimngoja baba yake atoke visiwani. Mtoto hawezi kutafuna, anakunywa uji kwa mrija.*

*Naomba uniambie ukweli. Ni majaribio kweli? Nikikataa watamfukuza? Na damu yake huko Ulaya inaenda kufanya nini?*

*Mama wa Kanda ya Ziwa*

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa uliyoyapitia.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Nilimpigia mama huyu siku ileile nikamwomba amrudishe mtoto wodini kabla jua halijazama, naye akafanya hivyo. Ninayoandika hapa ni yale ambayo simu haikutosha kuyaeleza, na yeye mwenyewe ameridhia wengine wayasome, kwa sababu wodi za watoto nilizofanyia kazi ya uuguzi zilikuwa na akina mama wengi wenye maswali haya haya.

Nianze na kilichonifanya nikusukume mrudi. Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote anazoweza kupata binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wewe umeliona hilo kwa macho yako: shavu lililokuwa dogo likafika kwenye jicho. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa, kwa kuwa dawa za saratani hushika zaidi chembe zinazogawanyika haraka. Mtoto anayeanza dripu mapema, uvimbe unaweza kunywea mbele yako ndani ya siku chache akaanza kutafuna tena. Anayengojea kikao cha ukoo anaweza kufikia hatua ambayo figo zimebanwa na tumbo, au ugonjwa umeingia kwenye maji ya uti wa mgongo, na hapo kazi inakuwa ngumu.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo ukoo wako ulipochanganya mambo mawili. Pale hospitalini kuna karatasi za aina mbili. Ya kwanza ni ya matibabu: unakubali mtoto apewe dripu, apimwe maji ya mgongo, aongezwe damu ikibidi. Ya pili ni ya utafiti: unakubali au unakataa wachukue damu ya ziada. Hizi hazifungamani. Unaweza kusaini ya kwanza leo na ya pili ukaiweka kando hata mwezi mzima, ukaikataa, au ukaikubali kisha ukabadili mawazo. Hakuna daktari wala mtafiti mwenye haki ya kumnyima mtoto matibabu kwa sababu mama yake amekataa utafiti. Kanuni hiyo ni ya kimataifa, imo kwenye Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na marekebisho yake, na hapa Tanzania kamati za maadili haziwezi kupitisha fomu ya ridhaa isiyosema hivyo. Isome, utakuta sentensi hiyo imeandikwa. Usipoiona, mwambie yule dada akuoneshe ilipo.

Kosa la aliyekuletea makaratasi, mwanangu, ni kuja wakati ule. Mama aliyetajiwa saratani dakika chache zilizopita hasikii kitu kingine. Ulistahili kuachwa ulie, umpigie mumeo, ulale, na uulizwe kesho yake, tena na mtu wa kukueleza kwa lugha unayoota nayo. Hilo unaweza kulisema wazi kwa muuguzi mkuu wa wodi, na linasaidia mama atakayekuja baada yako.

Unauliza kama ni majaribio. Kwa maelezo yako, huu ni utafiti wa kipimo. Mtoto hapewi dawa mpya yoyote. Atapata dripu zilezile ambazo angepata bila utafiti. Kinachoongezeka ni damu, na kiasi chake lazima kiandikwe kwenye fomu. Soma namba ya mililita. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Wakisema 10, ni vijiko viwili. Uliza pia kama damu hiyo itatolewa wakati mmoja na ile ya vipimo vya kawaida, ili mtoto asichomwe sindano mara mbili. Na kwa kuwa watoto wenye Burkitt mara nyingi wanakuwa na upungufu wa damu, uliza wingi wake wa damu ukoje kwa sasa. Mtafiti mzuri atakuwa na jibu bila kukasirika.

Kwa nini wanahangaika na damu wakati nyama ilishakatwa? Jibu la swali hili nadhani linamfaa shemeji yako kuliko mtu yeyote. Kinyama kilichokatwa kwenye taya kinapita mikono mingi: kinawekwa kwenye kemikali, kinakatwa vipande vyembamba, kinapakwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia anakitazama kwa hadubini, na wakati mwingine kinahitaji rangi maalumu za kutambua aina ya chembe. Wataalamu hao ni wachache nchini. Wewe ulibahatika, majibu yalitoka upesi. Kuna watoto ambao majibu yao hutoka baada ya wiki kadhaa, na kwa ugonjwa unaokua maradufu kwa siku moja au mbili, wiki ni nyingi mno. Wengine uvimbe uko ndani ya tumbo, na kuufikia kunataka chumba cha upasuaji. Saratani hii inapokua, chembe zinazokufa humwaga vipande vya vinasaba vyao kwenye damu, na pamoja navyo vinasaba vya kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, ambacho hukutwa karibu kwa watoto wote wa Afrika wenye Burkitt. Wazo ni kuvisaka vipande hivyo kwenye damu. Ugumu wake ni kwamba watoto wengi wazima huku kwetu nao wanacho kirusi hicho, wanakipata wakiwa wadogo sana na hakiwafanyi kitu. Kwa hiyo hakuna njia ya kujua kama kipimo kinasema kweli ila kulinganisha damu ya watoto ambao kinyama kimeshathibitisha ugonjwa, kama mwanao, na ya wale ambao hawana. Utafiti wa AI-REAL, uliounganisha Muhimbili, hospitali ya Lacor kule Gulu nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Oxford, umekuwa ukifuatilia swali hilohilo.

Lakini nikwambie ukweli kama ulivyoomba: inawezekana kabisa mwanao mwenyewe asifaidike na damu hiyo. Majibu ya utafiti yanaweza kuja baada ya yeye kumaliza dripu. Fomu ikisema "faida ya moja kwa moja haipo," wameandika ukweli, na faida ni ya mtoto wa mwaka kesho. Ukiona huna nguvu ya kumfikiria mtoto wa mwaka kesho wakati wako anakunywa uji kwa mrija, hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu Ulaya, hofu ya mama mkwe wako siidharau, kwa sababu ina historia. Ugonjwa huu ulieleweka kwa watoto wa ukanda huu huu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili, akaona si jipu wala si jino. Akachapisha habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kutoka Kampala wakashuka kusini, wakapita Tanganyika na nchi nyingine mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama wamewahi kuona watoto wa namna ile. Ramani yao ilionesha ugonjwa unapatikana kwenye joto na mvua nyingi, na haupo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, mtafiti wa virusi Anthony Epstein akausikia, na vinyama vya watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walikiona kirusi ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kinabeba jina la Epstein na Barr. Majina ya watoto waliotoa vinyama hayapo popote kwenye jina hilo, na mama zao hawakuwahi kuwekewa mbele fomu ya kurasa tatu kama uliyowekewa wewe.

Fomu hiyo inayokuogopesha, basi, ndiyo ulinzi ambao wale mama hawakuupata. Leo sampuli ya Mtanzania haiendi nje hivihivi. Utafiti lazima uwe na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema inakwenda wapi, kupimwa nini, na itafanywa nini kazi ikiisha. Muulize yule dada: damu itahifadhiwa muda gani? Itatumika kwa utafiti mwingine bila kuniuliza? Jina la mtoto litaandikwa kwenye chupa au namba tu? Nikijitoa, damu iliyochukuliwa itatupwa? Kwenye fomu kuna namba ya kibali na simu ya kamati ya maadili. Piga hiyo simu, au mpe shemeji apige yeye. Wakipokea na kumjibu kwa heshima, hasira yake itashuka. Na iwapo mtu yeyote atakuahidi fedha nyingi kwa damu ya mtoto, zaidi ya nauli na chakula cha siku ile, hapo mwogope.

Itafika siku, kwako au kwa msomaji mwingine, ambapo karatasi itakuwa ya aina nyingine: utafiti wa dawa. Huo una uzito tofauti. Hapa nchini unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na wazazi waulize mengi zaidi: dawa hii imeshajaribiwa kwa nani, mtoto wangu atapangwa kwa kura au la, na yule asiyepata dawa mpya anapata nini. Mfano mmoja mzuri ni utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 wa watoto zaidi ya 300 wenye Burkitt na saratani za jamii yake zilizofikia hatua mbaya. Nusu walipewa dawa za kawaida, nusu wakaongezewa rituksimabu, dawa inayoshika alama iliyo juu ya chembe za ugonjwa. Baada ya miaka 3, watoto 94 kwa kila 100 wa kundi la pili walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 82 wa kundi la kwanza. Hakuna mtoto aliyeachwa bila tiba. Na tofauti ilipoonekana mapema, upangaji kwa kura ulisimamishwa. Utafiti unaosimamiwa vizuri huwa hivyo. Lakini matokeo yale yalipatikana penye vitanda vya wagonjwa mahututi, maabara za saa 24 na damu ya kuongezwa wakati wowote. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt wanapona. Kwetu Afrika, mara nyingi ni nusu au pungufu ya hapo. Dawa zinazotumika kwetu, saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, ni nzuri na zimewaponya watoto wa ukanda huu tangu miaka ya 1960. Watoto wanapotea kwa kuchelewa kufika, kwa maambukizi wakati kinga imeshuka, na kwa wazazi kukatisha matibabu mtoto akishaonekana mzima. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Shavu likirudi kuwa shavu, utatamani kurudi nyumbani. Usirudi. Mizunguko ya dripu mara nyingi ni sita hivi, kila mmoja baada ya wiki mbili au zaidi kidogo, na ugonjwa usioonekana bado upo ndani.

Sasa mko wodini, nikueleze utakachokiona. Watamjaza maji ya dripu kabla ya dawa ya kwanza, na kumpa vidonge vya alopurinoli. Chembe nyingi zikifa kwa mpigo, taka zake zinaingia kwenye damu na zinaweza kuziba figo ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Kwa hiyo utapewa jagi lenye mistari. Kila akikojoa, usimwage. Soma mstari, andika kwenye karatasi ya kitandani, na ukiona mkojo umepungua au umekauka, amsha muuguzi hata kama ni saa nane za usiku. Akina mama wengine wanaona aibu kumsumbua muuguzi kwa ajili ya mkojo. Wewe msumbue. Dripu ikiingia na mkono ukaanza kuvimba au akalia kwamba inachoma pale penye kanula, sema papo hapo, maana vinkristini ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama. Na mkiruhusiwa kutoka kati ya mzunguko mmoja na mwingine, nunua kipimajoto. Kikifika nyuzi 38, msingoje asubuhi wala msimpe dawa ya malaria nyumbani, rudini.

Nywele zitanyonyoka, zitaota tena. Jino mlilong'oa halikuleta saratani, wala hakuna aliyemroga. Ugonjwa haumwambukizi mdogo wake wanayelala naye. Majani ya kukanda mwambie bibi yake kwa upole ayaache, na asikubali mtu achanje chale kwenye shavu, kwani ngozi ikichanika wakati kinga imeshuka ni mlango wa vijidudu. Bibi apewe kazi nyingine: anaweza kukaa na hao watoto wawili waliobaki, na hiyo si kazi ndogo.

Gharama zisikurudishe nyumbani. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini, uwaeleze kwamba mumeo ni mvuvi na mnatoka mbali. Waulize pia kama wodi yenu inashirikiana na Tumaini la Maisha, shirika lililoanzia wodi ya saratani ya watoto Muhimbili, ambalo husaidia hospitali nyingine pia katika tiba ya watoto hawa.

Shemeji yako nisingependa umgeuze adui. Ni baba mkubwa, anamlinda mtoto wa ndugu yake ambaye yuko majini na simu haishiki. Muombe daktari dakika 10, weka simu kwenye spika, aulize yeye mwenyewe yote yanayomkera. Mwambie mapema kwamba matibabu yameshaanza na hayo hayajadiliwi, ila kuhusu damu ya utafiti unataka ushauri wake na wa baba wa mtoto. Mtoto naye ana miaka 7, anaelewa. Mkifikia kukubali, mwulizeni kwa maneno yake kama yuko tayari kutoa vijiko viwili vya damu. Akitikisa kichwa kukataa, mheshimuni.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningesaini, baada ya kupata majibu ya maswali yale kuhusu sampuli, na si kabla. Lakini damu si ya mwanangu, na uamuzi ni wenu wawili wazazi.

Wakishatoa majibu ya maji ya uti wa mgongo, niandikie walichosema, na niambie kama ameanza kula.